Ngano Ndani ya Ngano: Kuisoma Periplus Ukiwa Mangapwani

Mwezi wa Shaaban uliopita nilifuatana na watoto wa skuli mpaka kwenye chumba cha watumwa cha Mangapwani. Nilikuwa natafuta habari ya gazeti, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mtu wa hapo kijijini nilidhani najua kila kitakachosemwa. Mtembezaji alieleza kama kawaida yake: chumba kimechongwa ndani ya jiwe la matumbawe, kikaezekwa juu, ili watu wafichwe humo wakisubiri kupakiwa majahazini, baada ya soko la watumwa la mjini kufungwa mwaka 1873. Watoto wakashuka ngazi, wakatoka. Kisha mmoja wao, wa darasa la nne au la tano, akauliza: "Walikuwa wanakula nini?"

Mtembezaji akanitazama mimi. Mimi nikatazama bahari.

Swali lile nilirudi nalo nyumbani. Wakati huo mezani kwangu kulikuwa na kitabu ambacho hutajwa na kila anayetaka kuisifu pwani yetu, Periplus Maris Erythraei. Nilikuwa nimeshakisoma mara mbili kwa ajili ya makala hii, na kila nikifika kwenye sentensi moja kuhusu ngano nilikuwa nahisi kitu kinanikera nisikijue. Mtoto yule ndiye aliyenijulisha.

Kwa ambao hawajakutana nacho: Periplus ni mwongozo wa safari za biashara, wa karne ya kwanza, ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri wakati Misri ikiwa chini ya Urumi. Jina lake halikubaki. Kitabu ni kidogo, vipande 66 vifupi vifupi, na kinatembea bandari kwa bandari: upepo gani unakufikisha, nani anatawala, nini ununue, nini upeleke. Vipande vichache tu ndivyo vyetu. Humo mna pwani anayoiita Azania, kisiwa anachokiita Menouthias, na soko la mwisho kabisa, Rhapta. Wataalamu mpaka leo wanabishana kama Menouthias ni Unguja, Pemba au Mafia.

Sisi watu wa pwani tunakipenda kitabu hiki kupita kiasi. Ingia kwenye mjadala wowote mtandaoni kuhusu historia yetu, hakosekani mtu wa kuitoa Periplus kama mtu anayetoa cheti cha kuzaliwa mfukoni. Tulikuwepo! Warumi walitujua! Nami nimewahi kuandika hivyo hivyo, tena kwa herufi kubwa. Lakini cheti nacho ni maandishi, na maandishi husomwa. Basi tukisome.

Kama fasihi, kitabu kina uzuri wake wa ubahili. Mwandishi hapotezi neno. Akielezea Menouthias anasema ni kisiwa cha chini, chenye miti mingi, na kuna mamba wasiodhuru watu. Anataja vyombo vya kushonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, halafu anasimama kidogo kwenye jambo lililomshangaza: wenyeji wanavua kwa vikapu vya kusukwa, wanavitega pale maji yanapopita baina ya miamba. Mvuvi yeyote wa Mangapwani akisomewa hapo hatashangaa. Atasema: hayo si madema hayo? Ni mahali pekee ambapo mwandishi anatutazama tukifanya kazi, na kwa mistari ile miwili mitatu tu anastahili shukurani. Miaka takribani elfu mbili imepita na dema bado linasukwa.

Tatizo linakuja kwenye bidhaa. Anaorodhesha vinavyopelekwa sokoni Rhapta: mikuki iliyotengenezwa Muza kule Yemen, mashoka, visu vidogo, nyundu za kutobolea, vitu vya kioo. Kisha anaongeza kwamba kuna sehemu ambazo hupelekwa pia mvinyo na ngano, tena si haba, lakini si kwa kuuza. Ni kwa ajili ya kujenga uhusiano mwema na wenyeji. Basi. Kwenye sentensi inayofuata ameshahamia vinavyotoka huku.

Isome tena taratibu. Ngano haimo katika hesabu ya biashara, imo katika hesabu ya matumizi. Sisi waandishi wa habari safu hiyo tunaijua vizuri. Tumeona bahasha zake. Kwa Kiswahili cha mjini leo tungesema kwa ufupi kwamba ngano ile ilikuwa chai.

Tafsiri nazo zina maneno. Wilfred Schoff, aliyekitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1912, aliwaita waliopewa ngano hiyo kwa neno ambalo kwetu ni "washenzi". Lionel Casson, mwaka 1989, akaliacha neno la Kigiriki kama lilivyo, nadhani kwa tahadhari. Mtu ambaye kesho atakitafsiri kwa Kiswahili atakuwa na mtihani mkubwa kuliko wote wawili. Akiandika "wenyeji", atakuwa amemsafisha mwandishi. Akiandika "washenzi", atagusa kidonda kingine, kwa sababu neno hilo ni letu. Watu wa pwani walilitumia kwa watu wa bara, na waliofungiwa kwenye chumba kile cha Mangapwani wengi walitoka huko bara. Kwa hiyo sisi tuliomo kwenye sentensi ile kama washenzi wa kupozwa kwa ngano, karne nyingi baadaye tulikuwa na washenzi wetu. Mimi ningechagua "washenzi" na ningemuacha msomaji aumie kidogo.

Siku ya pili nikamsomea bibi yangu sentensi hiyo. Bibi ana umri wa kupindukia themanini na ndiye aliyekuwa akichoma mofa mtaani kwetu kila Ramadhani nilipokuwa mdogo. Kwa wasomaji wa mbali: mofa ni mkate wa unga wa mtama, duara, unaobandikwa ndani ya ukuta wa tanuri la udongo wakati kuta zimeshashika moto. Mchomaji huingiza mkono mzima tanurini, akabandika, akautoa. Mkono wa kulia wa bibi hauna malaika hata mmoja tangu nimjue. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndivyo alivyoumbwa.

Nikamwambia: bibi, zamani sana, kabla ya Uislamu, meli zilikuja pwani hii na ngano ya bure.

"Unga au ngano yenyewe?"

"Ngano yenyewe."

Akacheka. "Basi walikuleteeni kazi."

Nimesoma uchambuzi mwingi wa Periplus, na hakuna ulionifumbua macho kama huo wa maneno matatu. Ngano si mkate. Baina ya gunia la ngano na tonge mdomoni kuna kupepeta, kuna kusaga, kuna kuchekecha, kuna kukanda, kuna kuni, kuna moto. Zawadi ya ngano inamhesabu mtu ambaye haijamtaja: mtu wa kuisaga. Mwandishi wa Periplus aliyajua hayo, kwa sababu alitoka Misri, shamba la ngano la Urumi, na mji wa Rumi ulikula kwa meli za kutoka kule. Lakini mkononi mwake ngano ni kitu kinachotoka melini na kuishia kwenye "uhusiano mwema". Imo kama nafaka. Haimo kama hadithi. Kiswahili kimetupa neno moja kwa yote mawili, ngano ya kusaga na ngano ya kusimulia, na Periplus imetuletea ya kwanza tu.

Hapo nikataka kujua kama ni tabia ya mwandishi huyu peke yake au ni ya zama zake. Je, Warumi wenyewe, kwao, mkate wao waliuandikaje?

Waliuenzi sana, hilo halina ubishi. Pale Porta Maggiore mjini Rumi mpaka leo kuna kaburi la Eurysaces, mwoka mikate aliyetajirika zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na juu yake mna michongo inayoonesha kazi nzima: kusaga, kukanda kwa mashine ya kuzungushwa na mnyama, kuumba, kuingiza tanurini, kupima kwa mizani. Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, katika tanuri moja ilikutwa mikate 81 iliyoungua ikawa mkaa lakini haikupoteza umbo: duara, na alama za kukatia vipande vinane. Ukiiona picha yake, kama umekulia Unguja, unaweza kudhani ni mkate wa kumimina uliosahauliwa jikoni.

Lakini nilitaka maandishi, si mawe. Maandishi mawili yamenikalia.

La kwanza ni Moretum, utenzi mfupi wa Kilatini wa beti zisizogawanywa, kama mistari mia na ishirini na kitu, ambao zamani ulihesabiwa ni wa Virgil na sasa wengi hawakubali. Hakuna vita ndani yake wala mungu. Kuna mkulima maskini, Simulus, anayeamka alfajiri ya baridi na kupapasa gizani kutafuta jivu lenye moto. Anapuliza makaa. Anapima nafaka yake, anaisaga kwa kijaa, mkono mmoja ukichoka anabadilisha mwingine, na anaimba huku anasaga. Anachekecha. Anakanda kwa maji ya moto na chumvi, anaufanya mkate duara, anautia alama, anauweka mekoni, anaufunika vigae na kuupalia makaa juu. Nani wa huku hajui kupalia? Halafu anakwenda bustanini kuchuma vitunguu saumu na majani ya kutia harufu, anavitwanga kwenye kinu pamoja na jibini na chumvi, machozi yakimtoka kwa ukali wa saumu, anatia mafuta na siki. Kwetu tungekiita chatne. Mwandishi anazitazama zile rangi mbalimbali zikipotelea katika rangi moja, na hapo utenzi unapanda kuwa kitu cha ajabu kabisa. Sijasoma popote pengine kifungua kinywa kilichopewa heshima ile.

Simulus hayuko peke yake nyumbani. Anaye msaidizi mmoja, Scybale, na mwandishi anasema bila kuficha kwamba ni mwanamke wa Afrika. Anaitwa atie kuni na apashe maji. Na hapo utenzi uliokuwa na subira kwa kila punje ya chumvi unamgeukia mwili wake: nywele, midomo, rangi, kifua, tumbo, miguu, mpaka visigino vyenye nyufa. Anakaguliwa kama anavyokaguliwa mtu sokoni. Simulus tumemjua kwa anachokifanya, kwa wimbo wake na kwa machozi yake ya saumu. Umbo lake hatukupewa. Scybale tumepewa umbo lake, ila haimbi, hajibu, halii. Mwishoni yeye ndiye anayeutoa mkate motoni. Simulus anaupokea kwa furaha, njaa ya siku ile imeshamtoka moyoni, anavaa viatu vyake anakwenda kulima. Kama Scybale alikula, utenzi hausemi.

Nataka kuwa muadilifu hapa. Kusaga kote anasaga mwanamume, na maandishi mangapi ya zamani, au hata ya leo, yamekubali kumuonesha mwanamume akikanda unga? Katika hilo Moretum umeitangulia mitaa yetu mingi. Ndiyo maana jambo la Scybale linauma. Si kazi ya mtu asiyejua kutazama. Ni mtazamaji hodari aliyeona kila kitu jikoni, na mtu mmoja akamuona kama chombo.

La pili ni Metamorphoses ya Apuleius, maarufu kama Punda wa Dhahabu, riwaya ya karne ya pili. Apuleius ni mtu wa Afrika ya Kaskazini, mzaliwa wa Madauros katika Algeria ya leo. Lucius, kijana wa watu wenye uwezo, anataka kujaribu uchawi, anajipaka dawa isiyo yake na anageuka punda. Anauzwa huku na huku, na katika kitabu cha tisa ananunuliwa na mwenye kinu na tanuri la mikate. Ni riwaya ya kuchekesha, tena ya matusi mengi, lakini mlango wa kinu ukifunguka kicheko kinakatika. Punda anawaona watu wanaosaga ngano: vipaji vya nyuso vimepigwa chapa, vichwa vimenyolewa nusu, minyororo miguuni, migongo ina alama za mijeledi, kope zimeliwa na moshi, na unga umewafunika mwili mzima kama vumbi. Wanyama wenzake wana vidonda shingoni kwa kuzunguka na jiwe.

Kwangu mimi hiyo ndiyo kurasa muhimu kuliko zote zilizoandikwa kuhusu mkate wa Rumi. Na angalia imepatikanaje. Lucius aliyekuwa mtu alikula mkate maisha yake yote na hakuwahi kuingia kinuni. Ilibidi mwandishi amgeuze mnyama ndiyo afike pale. Alipofika aliona watu. Mwaka 2023, wachimbaji wa Pompeii walitangaza kwamba wamekuta kinu cha mikate ambamo watu na punda walifungiwa pamoja: chumba chembamba, vidirisha vidogo vya juu vyenye vyuma, na sakafuni alama za kuongoza mzunguko wa wanyama. Niliposoma habari hiyo nilikuwa ndani ya gari ya Bumbwini, narudi nyumbani Mangapwani. Sikuhitaji picha. Chumba cha namna ile ninakijua harufu yake.

Gari ya kwetu hupita Mtoni, na Mtoni kuna magofu ya kasri alikozaliwa mwandishi wetu mkubwa wa chakula cha zamani, ingawa hatumwiti hivyo: Sayyida Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete. Alizaliwa mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Nikiwa chuo kikuu nilizisoma kwa mapenzi. Anaeleza nyumba, mavazi, sikukuu, na sofra ya baba yake kwa jicho la mtu anayeandika akiwa ugenini na baridi: nani anakaa wapi, nani ameshafika umri wa kula na Sultani, na vipi masuria, hata waliomzalia watoto, hawakuwa wakikaa naye chakulani. Kwa habari za nani-anakula-na-nani hakuna wa kumfikia.

Nimezisoma upya mwaka huu nikiwa na swali la yule mtoto mkononi. Jikoni hatuingii, au tunapita mlangoni tu. Chakula kinawasili. Na katika kitabu hicho hicho iko sura ambayo Salme anautetea utumwa wa kwao dhidi ya lawama za Wazungu, akisema watumwa wa huku hawakuteswa kama inavyodhaniwa. Zamani niliisoma sura ile kama doa lililoingia kwa bahati mbaya kwenye kitabu kizuri. Sasa naona si bahati mbaya. Ni sofra ile ile. Ukikaa upande wa chakula kinachowasili, ni rahisi kuamini kwamba kinajileta. Salme ni bora kuliko mwandishi wa Periplus kwa kila kipimo cha fasihi, lakini kwenye hili wamekaa jamvi moja: anayeandika ni anayekula, au anayegawa.

Msomaji atanijibu, na ana haki: Periplus ni orodha ya wafanyabiashara, kwa nini uidai yasiyokuwa kazi yake? Kweli. Manifesti ya meli haina sababu ya kutuambia nani anasaga. Lakini sisi ndio tulioipandisha cheo. Sisi tumeifanya sura ya kwanza ya hadithi yetu, tukaitundika ukutani, na ukishaifanya sura ya kwanza lazima ujiulize inamfundisha mtoto nini. Inamfundisha kwamba historia yake inaanza siku alipokuja mgeni na zawadi. Kabla ya meli ile watu hawa walikuwa wanakula nini? Sentensi haijali, maana kwayo wao ni mdomo wa kupozwa.

Waliojali ni wachimbaji. Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa chetu, mwanaakiolojia Abdurahman Juma alipata vigae vya zama za mwisho za Urumi, vya karne ya tano na ya sita, akaviandikia mwaka 1996. Sisi waandishi wa habari tulivichangamkia vigae hivyo, kwa sababu ni cheti kingine. Kazi ninayoiona kubwa zaidi haina kung'aa kwokwote: Sarah Walshaw aliyechekecha udongo wa Pemba kutafuta punje zilizoungua. Katika Tumbe ya kuanzia karne ya saba na ya nane alikuta zaidi mawele. Katika Chwaka ya Pemba, iliyoendelea mpaka karibu mwaka 1500, mchele ndio uliokuja kushika nafasi. Fikiria punje hizo zimebakije: ni zile zilizomponyoka mtu zikaangukia motoni. Chote kilichopikwa vizuri kililiwa kikapotea. Kilichobaki kutusimulia ni kosa dogo la mpishi, mtu aliyekuwa jikoni usiku mmoja, mkono ukamteleza. Mimi nikiambiwa nichague sura ya kwanza ya hadithi yetu, nitachagua punje ile kuliko sentensi ya Rhapta.

Na fasihi yetu ya Kiswahili? Inajua njia, ikitaka. Adam Shafi katika Kuli (1979) alituingiza bandari ya Unguja kupitia mgongo wa anayebeba, mpaka kwenye mgomo wa mwaka 1948, na tangu hapo mtu aliyeisoma hawezi kulitazama gunia kwenye gati kama gunia tu. Hilo ni jambo la kujivunia kuliko kutajwa na Warumi. Lakini kwenye chakula tumelala. Tuna mashairi na makala kemkem za pilau ya sikukuu, urojo wa mjini, mkate wa ufuta wa bibi, zote zikinukia nazi na hamu ya nyumbani. Nyingi zinaanzia sahani inapotua. Nani aliyekuna ile nazi? Nani aliamka saa nane za usiku kukanda boflo tunaloliona dukani alfajiri limeshapangwa? Yule msichana wa kazi aliyeletwa kutoka bara, anayegeuza chungu cha mkate wa ufuta juu ya makaa, yuko wapi kwenye shairi? Tukimtia, tunamtia kama Scybale, na kuni zake.

Najisema na mimi. Nimeandika mara tatu kuhusu mofa za bibi, na mara zote tatu niliandika kuhusu ladha. Mkono wake usio na malaika nimeuandika leo kwa mara ya kwanza.

Ngano mpaka leo haioti Unguja. Inakuja kwa meli, kama siku zile za Azania, ila sasa tunainunua. Ramadhani iliyofuata ile safari ya watoto nilikwenda kununua mofa kwa mama mmoja Darajani, kisha nikapanda gari kumpelekea bibi afuturu. Tulipomaliza nikamueleza habari ya yule mtoto na swali lake. Nilitaraji ataniambia muhogo, au samaki mkavu, jibu la kumpelekea mtembezaji ili siku nyingine asinitazame mimi.

Bibi alikaa kimya, akavunja kipande cha mofa, akakiangalia. Wa kwake ulikuwa ukitoka mwembamba zaidi.

"Sasa wewe unauliza walikula nini," akasema. "Pale nyumba za karibu ni zipi?"

Nikamwambia: ni zetu.

"Basi uliza nani alikuwa akiwapikia."